Kupachika folda ya seva iliyo nyuma ya ukuta wa moto

Swali
Wakuu, habari. Seva A iko nyuma ya ukuta wa moto unaoruhusu miunganisho ya kutoka tu. Seva C ni ya kukodi, ina anwani ya umma. Nataka /data ya A ionekane kwenye laptopu kama folda ya kawaida, na hata C ikivamiwa, faili zisisomeke. NFS (njia ya kushiriki folda kwenye mtandao) inafaa?

Jibu 1
Mkuu, NFS usiianike hivyo kwenye intaneti. Ikiwa na sec=sys (hali yake ya kawaida), seva inaamini UID (namba ya mtumiaji) yoyote anayotaja mteja, na data inapita wazi. Tumia SSHFS (inapachika folda ya mbali kupitia SSH, muunganisho uliosimbwa) ndani ya handaki ambalo A yenyewe inalifungua kwenda C; handaki na ruka hapa chini ni akaunti mbili kwenye C. Kwenye A:

`ssh -N -R 2222:localhost:22 -o ExitOnForwardFailure=yes -o ServerAliveInterval=15 handaki@C`

Iendeshe kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux), Restart=always na RestartSec=10. Kwenye ~/.ssh/config ya laptopu:

```
Host a
  HostName localhost
  Port 2222
  User mimi
  ProxyJump ruka@C
  HostKeyAlias a
```

Kisha:

`sshfs a:/data ~/data -o reconnect,ServerAliveInterval=15,ServerAliveCountMax=3`

Usimbaji unaanzia laptopu na kuishia A; C inapitisha tu. Ila hapa ndipo wengi wanaponaswa: mara ya kwanza SSH ikiuliza kama unauamini ufunguo wa A, ukijibu "yes" kwa mazoea, C iliyovamiwa inaweza kujifanya A. Ukiwa mbele ya A endesha `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, ulinganishe alama ya ufunguo inayotokea na unayoonyeshwa kwenye laptopu.

Jibu 2
Naongezea. Bana funguo kwenye authorized_keys za C (faili zinazoorodhesha funguo zinazoruhusiwa kuingia), ukiweka haya mwanzoni mwa mstari wa ufunguo. Ufunguo wa handaki:

`restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:2222"`

Ufunguo wa ruka:

`restrict,port-forwarding,permitopen="localhost:2222"`

Akaunti zote mbili zipe nologin, zisiweze kufungua shell. Jina localhost liandikwe vilevile kote, maana sshd (programu ya seva ya SSH) haitafsiri majina hapo: HostName ikiwa 127.0.0.1 utakutana na "administratively prohibited". Kama hata poti 22 ya kutoka imezibwa, sshd ya C isikilize 443 pia.

Muulizaji
Imekubali, asanteni sana. Tatizo moja: mtandao ukikatika, A inarudi na kukataliwa, eti poti 2222 imeshikwa.

Jibu 1
C bado inauhesabu muunganisho wa zamani kuwa hai, na ndio ulioshikilia poti. Kwenye sshd_config ya C weka ClientAliveInterval 15 na ClientAliveCountMax 3. Ndani ya dakika moja hivi poti itaachiliwa, na systemd itarudisha handaki. Laptopu ikisema "Transport endpoint is not connected", piga `fusermount3 -u -z ~/data` kisha upachike upya. Na tafadhali, usiweke faili za SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili) humo zikaandikwa na mashine mbili: kufuli za faili hazivuki SSHFS, zitaharibika.