Likizo ya uzazi ipo, mbona mama akirudi kazini anapitwa?

Swali
Ndugu zangu, katika ofisi nyingi mama anayerudi kutoka likizo ya uzazi hukuta cheo chake kipo, ila miradi aliyokuwa akiisimamia imeshagawiwa wengine, na vikao muhimu vinaitishwa jioni, saa ambayo anatakiwa kumchukua mtoto. Asipopandishwa cheo, huambiwa hajitumi. Je, kasoro iko kwenye sheria, kwa mwajiri, au kwenye mazoea ya kumwachia mwanamke malezi peke yake?

Jibu la 1
Ndugu muulizaji, mimi ningeanza na nani anayelipa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na malipo yake yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, ili gharama isimwangukie mwajiri mmoja mmoja. Pale ambapo mwajiri ameachiwa mzigo huo, msichana anayeomba kazi hupimwa kwa watoto ambao hata hajawazaa, na kwenye usaili huulizwa waziwazi ataolewa lini. Huo ni ubaguzi, hata ukiulizwa kwa tabasamu.

Jibu la 2
Naafiki, lakini malipo peke yake hayatoshi. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la mapato kati ya wanawake na wanaume wa kazi ileile hujitokeza baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Kazi zinazolipa vizuri zaidi humtaka mtu apatikane wakati wowote, na anayeweza kupatikana hivyo ni yule ambaye nyumbani kuna mwenzake anayelea. Mwaka 1993 Norwei ilitenga wiki 4 za baba, ambazo asipozichukua zinapotea, na akina baba wakaanza kuzichukua kwa wingi. Kumbe mazoea tunayoyaita ya asili hubadilika kanuni ikibadilika.

Jibu la 3
Wakati tukisubiri kanuni hizo, dada anayekaribia likizo aandikiane na msimamizi wake: majukumu yake ni yapi, nani anayakaimu, na atakabidhiwa tena tarehe ipi. Maelewano ya mdomo husahaulika upesi, hasa msimamizi akihamishwa.