Tupeane uzoefu: siku uliyojua kuwa kuongea na mgonjwa hukufundishwa

Koti Jeupe: Leo nimesimamia OSCE, ule mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari. Mgonjwa wa kuigiza anasema, "Mume wangu alifariki mwezi jana." Mwanafunzi, kichwa kwenye karatasi: "Sawa. Una mzio wa dawa yoyote?" Nikajikumbuka mwenyewe. Nyie je?

Sindano Butu: Hiyo "sawa" naijua sana.

Mwana Wodi: Mwaka wa nne, zamu ya usiku. Daktari kaitwa chumba cha upasuaji, kaniachia neno moja: "Ndugu zake wakija, waambie." Akaja mama na nguo safi za mwanawe, zimepigwa pasi. Nikamwambia palepale koridoni, nimesimama: "Mama, mwanao hatunaye tena." Akauliza, "Mmemhamishia wodi gani?" Nikakosa la kusema. Nikamwonyesha kwa kidole meza ya wauguzi. Akaenda na nguo zake, huku ananishukuru. Muuguzi wa zamu ndiye aliyemkalisha na kumtamkia neno lenyewe: amefariki. Na mimi dawa za moyo nilikuwa nimezifaulu zote.

Sindano Butu: Hapo kwenye "ananishukuru" nimeweka simu chini.

Mzee wa Dripu: Hayo ni malezi, hayafundishiki. Mnapoteza vipindi.

Koti Jeupe: Yanafundishika, mzee wangu. Daktari Howard Barrows wa Marekani alianza kutumia wagonjwa wa kuigiza kufundishia mwaka 1963. Na mwongozo wa SPIKES una hatua sita za kutoa habari mbaya. Ya kwanza tu ni kutafuta mahali pa faragha. Angepewa hiyo moja, asingesimama koridoni.

Mzee wa Dripu: Mnatoa alama kwa "pole", basi wanaikariri. Wangu mmoja kampa pole mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani.

Sindano Butu: Hapo kasema kweli.

Koti Jeupe: Hajasema kweli. Dozi nayo si tunaikariri?

Kiti cha Tatu: Mimi nashauri: vuta kiti, kaa, uliza anajua nini tayari, kisha nyamaza.

Sindano Butu: Nilinyamaza. Mgonjwa akaniuliza kama najisikia vizuri.

Mzee wa Dripu: Usikae, utazoeana nao.

Kiti cha Tatu: Mwana Wodi, yule mama ulimwona tena?

Mwana Wodi: Alirudi asubuhi na kaka yake. Nilijifungia stoo ya mashuka mpaka wakaondoka.