Makao ya wazee, kuhudumia majumbani au nyumba ndogo za kutunzia wazee: nianzie wapi?

Mgeni_Worcester
Habari zenu wakubwa. Nina miezi minne hapa Massachusetts. Kibali cha kazi nimepata, gari bado. Binamu yangu ananihimiza nikahudumie wagonjwa majumbani, ati makao ya wazee yanakufa. Nimechungulia takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani: wahudumu wa majumbani walitarajiwa kuongezeka asilimia 21 kati ya 2023 na 2033, CNA (wasaidizi wa wauguzi wenye cheti, kama wale wa makao ya wazee) asilimia 4 tu. Mliotangulia mnasemaje?

Dada_wa_Zamu
Karibu mdogo wangu. Namba umezisoma sawa, maana yake ndiyo imempita binamu yako. Kweli makao ya wazee yalipoteza wafanyakazi zaidi ya 200,000 baada ya Februari 2020, na hata 2024 hayakuwa yamerudi yalipokuwa. Ila watu wengi waliondoka kwa kuchoka. Kuna makao yaliyofunga bawa zima kwa kukosa wahudumu huku wazee wakisubiri kitanda. Ndiyo maana leo ukibisha hodi wanakuuliza utaanza lini.

Halafu asilimia hailipi kodi ya nyumba. Mei 2024 mshahara wa kati wa CNA ulikuwa dola 39,530 kwa mwaka, wa majumbani 34,900. Mafunzo ya CNA kwa sheria ya serikali kuu si chini ya saa 75, ingawa majimbo mengine yanadai zaidi. Makao yanaweza kukuajiri ukiwa bado mwanafunzi, ukamaliza ndani ya miezi minne. Ukijilipia kozi kisha makao yanayopokea Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) yakakuajiri ndani ya mwaka, una haki ya kurudishiwa ada. Idai! Wengi wetu tulinyamaza.

Baba_Lowell
Mimi nilihudumia majumbani miaka miwili. Nilikuwa na mzee mmoja, saa 30 kwa wiki. Jumatatu moja nafika, mlango umefungwa, jirani ananiambia gari la wagonjwa lilimchukua usiku. Wakala hakunipigia hata simu. Wiki tatu saa zangu zikawa sifuri. Na wewe huna gari: unaijua Januari ya huku, basi la saa kumi na moja alfajiri?

Raha yake ipo lakini. Mgonjwa mmoja, mnakunywa chai, anakusimulia vita aliyopigana. Hukimbizwi na kengele kumi kwa mpigo.

Shangazi_Tacoma
Mmesahau nyumba ndogo za kutunzia wazee. Huku jimbo la Washington leseni huwa ya wakazi hadi sita, nyingine hadi wanane, na baadhi ya wenye nyumba hizo ni Wakenya. Unapika, unawaogesha, unagawa dawa, unaweka miguu ya bibi juu ya stuli. Mkazi wangu mmoja sasa anaomba uji wa wimbi kila asubuhi, mwanawe anadhani ni dawa. Tatizo ni kwamba usiku uko peke yako, na mwenye nyumba akiwa shemeji yako, ovataimu inageuka "nisaidie kidogo tu".

Mzee_wa_Usiku
Dada, usimpambie kijana makao. Nilikokuwa, usiku tulikuwa wawili kwa wazee 38. Mashine ya kumnyanyua mzee inataka watu wawili, mwenzangu yuko mwisho wa korido anabadilisha shuka, na mama wa watu analia anataka choo. Nikamnyanyua peke yangu. Mgongo huu hadi leo unanikumbusha.

Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni ya saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku. Aprili 2025 jaji wa Texas akaibatilisha. Kwa hiyo usitegemee kanuni, uliza mwenyewe kwenye usaili: usiku CNA mmoja ana wazee wangapi? Wakikujibu "inategemea", chukua koti lako.

Dada_wa_Zamu
Mzee, hapo sibishi. Hata hivyo kwa asiye na gari bado nasema makao, zamu ya mchana, mwaka mmoja. Cheti kikishakuwa mkononi, majumbani na nyumba ndogo wote watakupokea.

Mgeni_Worcester
Asanteni sana. Kuna makao mawili kwenye njia ya basi langu. Kesho naenda na swali la Mzee. Shangazi, shemeji alilipa hizo saa?

Shangazi_Tacoma
Alinipa mbuzi.