Nani achague watahini wa tasnifu ya uzamivu (PhD)?

Wadau, hili tuliseme wazi. Katika vyuo vyetu vingi msimamizi ndiye anayependekeza majina ya watahini. Majina yanapita idarani, yanapanda ndaki, yanaishia kwa kamati ya shahada za juu au seneti. Mtahiniwa haulizwi. Wanaotetea utaratibu huu wanasema mwanafunzi akisikilizwa atajitafutia marafiki. Mimi nasema asikilizwe.

Niliwasilisha nakala nne za tasnifu yangu. Miezi mitano baadaye nikazikuta juu ya kabati la karani, bado zimefungwa kamba ya katani niliyoifunga kwa mkono wangu. Hazikuwa zimetumwa popote. Faili la watahini lilirudishwa idarani kwa sababu wasifu wa mmoja wao haukuonyesha amesimamia wanafunzi wangapi wa uzamivu, na hakuna aliyenipigia hata simu. Nikalipa ada ya mwaka mwingine. Watahini waidhinishwe pale mtu anapotoa notisi ya kusudio la kuwasilisha, si baada ya kazi kuingia ofisini.

Halafu kuna ukaribu wa mtahini na msimamizi. Kwenye Kiswahili, ukiondoa waliosomeshwa na msimamizi na walioandika naye makala, watahini waliobaki kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Eldoret na Bayreuth kule Ujerumani unawahesabu kwa vidole. Ufaransa walilikabili hili kwa amri ya tarehe 25 Mei 2016: jopo la watu 4 hadi 8, angalau nusu watoke nje ya chuo, na msimamizi akae kwenye jopo ila asishiriki uamuzi. Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, mtahiniwa anapewa nafasi ya kuweka pingamizi kabla watahini hawajateuliwa. Kupinga si kuchagua.

Ndugu mtoa hoja, pole sana kwa hiyo ada. Ila mimi ni mhadhiri na nimewahi kupendekeza watahini. Mtahiniwa akijua majina mapema, simu zinaanza: shikamoo Profesa, kazi yangu umeipata? Mtahini mmoja aliturudishia tasnifu bila kuisoma kwa sababu hiyo. Usiri una kazi yake. Na bila msimamizi, nani idarani atajua bingwa wa fonolojia ya lahaja za Pemba yuko wapi?

Mwalimu, hapo kwenye simu nakubali, na anayepiga aadhibiwe. Basi majina yabaki siri, lakini mtahiniwa aruhusiwe kuandika mapema, kwa sababu zinazothibitika, nani asipelekewe kazi yake: aliyegombana naye hadharani, au anayeshindania data ileile. Msimamizi naye apendekeze sita, kamati ichague wawili bila yeye kuwemo chumbani. Nyinyi mnaokaa kwenye kamati hizo, wasifu ukifika mezani, kuna anayeuliza mtahini na msimamizi wamefanya nini pamoja miaka mitano iliyopita?