Data za wanyamapori Kilombero: mali ya umma au mali ya bosi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naleta huku.

Tuko kwenye utafiti wa hali ya awali ya ikolojia bonde la Kilombero. Yaani kabla mradi haujagusa ardhi, ijulikane mnyama gani yupo, wapi, msimu gani. Hakuna anayeomba helikopta. Tunaomba kilichokwisha kuhesabiwa kwa kodi zetu, basi. Bonde lenyewe limeingia orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2002, na sheshe, yule swala wa mabondeni, ni moja ya sababu.

Ofisi moja, jina silitaji. Lete barua. Barua ikaenda na muhuri wake. Mhusika yuko semina. Karudi, faili liko kwa bosi. Bosi kastaafu, na data kaondoka nazo kwenye laptop yake! Sensa ya serikali inalala sebuleni kwa mtu, na hakuna anayeona ajabu. Nikataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 kujibu. Nikaambiwa, "Kijana, usitutishie sheria."

Hatimaye wakatupa ripoti iliyoskaniwa, nusu ya kurasa zimelala ubavu. Jedwali linasema "swala, wengi". Swala gani jamani? Sheshe? Tohe? Wengi ni wangapi? Koodineti zipo, lakini hazisemi ni za kanda ya ramani (UTM) ya 36 au 37, na mpaka wa kanda hizo unapita humo humo bondeni. Wala haijaandikwa kama walitumia Arc 1960 au WGS 84, yaani mfumo wa vipimo wa ramani za zamani au ule wa GPS. Ukikosea hapo, kundi la nyati linahama karibu mita 300 bila kuinua kwato, unaliweka ng'ambo ya mto kwenye shamba la mpunga. Halafu mimi ndiye nitakayeulizwa kwenye kikao.

Madaftari ya doria ya askari wa vijiji, ambayo yana habari nzuri kuliko hizo ripoti, yanaliwa na mchwa stoo. Na zile data za watafiti wa nje, tuliowabebea mahema, unazikuta kwenye majarida ya kulipia kwa dola.

Asitokee mtu wa kusema ni makaratasi tu. Kihansi, penye bwawa la umeme, ni hapo hapo pembeni ya bonde. Yule chura mdogo wa kwenye manyunyu ya maporomoko ya hapo aligunduliwa 1996, bwawa likiwa tayari linajengwa. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na 2009 akatangazwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni wale waliokuwa wamekimbizwa Marekani kwenda kufugwa. Hiyo ndiyo gharama ya kujua kilichopo baada ya kumwaga zege.

Aliyewahi kupata faili zima la sensa, lenye koodineti zinazoeleweka, aseme alipita mlango gani. Na ninyi mnaojiandaa kuandika "mbona sisi tulipewa", semeni na mlitoa shilingi ngapi.