Nizime mashine ya barafu saa moja usiku, au wajenge mtambo mwingine wa umeme?

Muuza Barafu, Likoni
Salaam aleikum jamani. Nina mashine ya barafu karibu na feri, inakula kilowati 5. Wateja wangu wavuvi na wachuuzi wa samaki, barafu wanaitaka alfajiri. Zamani vijana wangu waliiwasha magharibi wakaiacha ikinguruma usiku kucha. Sasa tunaiwasha saa nne, na saa kumi alfajiri barafu iko tayari. Barafu ni ile ile, na bili ni ile ile, maana mita yangu ya tokeni haijui saa.

Juzi kijana aliyesomea uhandisi akaniambia nimelipatia taifa kilowati 5 bure, kwa kuwa Kenya nzima huwasha kila kitu kati ya saa moja na saa nne usiku, na ndipo mitambo ya dizeli inapoombwa msaada. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: mtambo wa dizeli wa Kipevu III, hapa Mombasa, ni megawati 120, yaani mashine kama yangu 24,000. Najua Mombasa haina mashine 24,000 za barafu, lakini pampu za maji za magorofa je? AC za Nyali je? Wanaopanga mitambo mipya hutuhesabu sisi?

Fundi wa Changamwe
Bro, umejipunja. Katika kila yuniti 100 zinazoingia kwenye gridi, zaidi ya 20 hupotea njiani (nyingine huibiwa, hizo tuziache). Kwa hiyo kilowati 5 ulizozima ni zaidi ya 5 huko zinakotoka. Na usiku wa manane stima hubaki: upepo wa Turkana, megawati 310, huvuma sana saa hizo, na kisima cha mvuke wa ardhini cha Olkaria si jiko la gesi ukazungusha kizimike. Mvuke mwingine huachiliwa hewani. Viwanda vikubwa vilianza kupata punguzo la usiku Desemba 2017. Magari ya umeme nayo, mwaka 2023, yaliwekewa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku, kabla ya tozo.

Mama Friza, Kongowea
Nyinyi mwasema tu. Mimi nikizima friza saa moja, na ndiyo saa ya wateja, mlango hautulii, samaki wakinuka nani atanilipa? Nilichofanya ni kubadilisha mpira wa mlango na kuisogeza friza mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Tokeni za 500 zilikuwa zanikalia siku nne, sasa sita. Sikungoja saa ya mtu.

Mstaafu wa Tudor
Wanangu, nimekaa miaka mingi na makaratasi ya makisio ya umeme. Mama Friza amepunguza matumizi, mwenye barafu ameyahamisha. Vyote viwili vilistahili kuandikwa kwenye jedwali moja na mitambo, kila kimoja na bei yake. Aghalabu haviandikwi. Huanzwa na makisio makubwa, mkataba ukatiwa saini, kisha mtambo unalipwa kwa kuwepo, uzalishe usizalishe. Kumbukeni mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu: megawati 1,050, wakati kilele cha matumizi ya nchi nzima hakikuwa kimefika 2,000. Leseni yake ya mazingira ilifutwa 2019, lakini hesabu yenyewe ilikuwa inauma tangu mwanzo.

Mwaka 2010 ziligawiwa balbu za kuokoa umeme zaidi ya milioni moja, bure. Huo ulikuwa mtambo usio na bomba la moshi.

Ila mwenye barafu, nikuulize: Ramadhani, wateja wakikugongea saa moja wakitaka barafu ya sharubati, utaizima? Mtambo wa dizeli, mpangaji wa umeme anajua akibonyeza utawaka. Wewe hakujui. Atakuamini ukiwa na mita inayosoma saa, na malipo ukitii, na faini ukikaidi. Na hata hivyo nyumba mpya zinaunganishwa kila siku, mitambo itahitajika, ila michache na kwa wakati wake.

Muuza Barafu, Likoni
Mzee, Ramadhani umenipata. Labda nigandishe ya sharubati usiku wa kuamkia siku hiyo, niiweke kwenye boksi.

Mama Friza, huo mpira uliununua wapi na kwa bei gani?