Wazazi wa Mbeya na Iringa: anayetaka hela yako kabla mtoto hajapata kazi siyo wakala, ni tapeli

Wakuu, habari za kazi. Naandika nikiwa na hasira. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo huku Mwanjelwa, Mbeya. Kazi zangu ni picha za pasipoti, kipaimara, sendofu na mahafali. Siku hizi wanaingia akina mama wenye flashi mkononi, wanataka niwasafishie picha za watoto wao walizopigiwa na "wakala wa wanamitindo". Nikizifungua kwenye kompyuta nashika kichwa.

Kuna watu walikuja hapa mjini, wakakodi ukumbi wa hoteli, wakasambaza tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa chekechea. Wanatafuta watoto wa miaka 2 hadi 10 wa kutokea kwenye matangazo ya maziwa, sabuni na nguo za shule. Fomu elfu 10. Ukishajaza, mtoto anasimamishwa mbele, anaambiwa ana sura ya kamera, amechaguliwa. Hapo ndipo inakuja elfu 180 ya potifolio, yaani mkusanyiko wa picha za kumtangaza mtoto, na ilipwe leo leo kwa sababu nafasi zimebaki chache. Nimeongea na wazazi wengi waliopita kwenye ule ukumbi na sijakutana na hata mmoja ambaye mwanawe alikataliwa. Huo ni usaili gani ambao hakuna anayekosa?

Mama mmoja anauza viazi hapa sokoni. Alichukua mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, ili alipe, na sasa hivi kila jioni wanampitia kuchukua rejesho. Alichopata ni picha za simu zilizopigwa chini ya taa ya ukumbi. Kivuli cha mpigaji kimekaa kwenye shavu la mtoto, nyuma kuna pazia la hoteli lenye mikunjo, na kitambulisho cha mhudumu kimeingia pembeni ya fremu. Mtoto mwenyewe ana miaka 4, kapakwa rangi ya mdomo nyekundu na kubandikwa kucha. Kwangu picha kama zile ningemrudishia mteja hela yake na kumwomba radhi. Risiti aliyopewa ni ya kile kitabu cha dukani, haina TIN (namba ya mlipakodi), haina anwani, imeandikwa neno moja tu: "huduma".

Nimewahi kubeba taa kwenye upigaji wa matangazo Dar es Salaam, kwa hiyo naongea kitu ninachokijua. Hela ya tangazo inatoka kwa kampuni yenye bidhaa. Kampuni inamlipa wakala au mtayarishaji, wakala anakata kamisheni yake, kinachobaki ni cha mtoto na anakabidhiwa mzazi. Wakala wa kweli anakula pale mtoto anapofanya kazi. Dalali wa parachichi kule Rungwe hamdai mkulima hela kabla hajaleta mnunuzi, sasa huyu wa watoto anapata wapi haki ya kulipwa kabla? Akishachukua elfu 180 yako hana tena sababu ya kumtafutia mwanao kazi. Biashara yake imeisha palepale ukumbini, mteja ni wewe.

Na hiyo potifolio yenyewe ni uongo kwa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka 3 baada ya miezi sita sura imebadilika, urefu umebadilika. Wa miaka 6 anang'oka meno ya mbele. Kampuni inayotafuta mtoto inataka kumwona alivyo wiki hii: picha mbili tatu za simu, uso mkavu bila kupakwa kitu, mwanga wa dirishani, moja ya uso na moja ya mwili mzima, pamoja na umri, urefu na saizi ya nguo. Basi. Hizo unapiga nyumbani kwako Uyole au Iyunga bila kumlipa mtu, hata mimi mpiga picha usinilipe.

Wenzetu waliliona hili zamani. Jimbo la California nchini Marekani, kwenye biashara kubwa ya filamu na matangazo, lilitunga sheria mwaka 2009 ya kuwakataza mawakala kumtoza msanii ada ya mbele kwa ahadi ya kumtafutia kazi. Huko huko tangu mwaka 1939 kuna sheria ya kulinda kipato cha mtoto msanii, ilipatikana baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa nyota wa filamu akiwa mdogo, kukuta mama yake na baba yake wa kambo wametumia karibu hela yote aliyochuma. Sisi tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na inasema umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Mtu anayekuwekea mezani "mkataba wa ajira" wa mtoto wa miaka 4, tena mkataba wenyewe wa muda wa miaka mitatu, aulizwe anautoa kwa sheria ya nchi gani.

Hela inauma lakini kilichonifanya nikae niandike huu uzi ni kingine. Wazazi waliambiwa wasubiri nje. Watoto wakaingizwa chumba cha pembeni mmoja mmoja "kupimwa vipimo", na wengine wakabadilishwa nguo humo humo na watu wasiowajua. Mlango umefungwa. Mnanielewa? Hakuna kazi yoyote ya picha inayohitaji mtoto mdogo awe peke yake chumbani na mtu mzima mgeni. Hakuna! Kwenye kazi za kweli nilizoziona mzazi anakaa pale pale, mtoto akilia kazi inasimama. Anayekwambia mzazi anamharibia mtoto kujiamini, mshike mwanao mkono muondoke, fomu muiache mezani.

Halafu ile fomu. Nimeisoma kwenye simu ya mteja wangu. Imeandikwa kwa Kiingereza, na kuna kipengele kinachowapa hao watu haki ya kutumia picha za mtoto popote, kwa muda wowote, bila malipo. Jina kamili la mtoto lipo, shule anayosoma ipo, mtaa anaokaa upo. Vyote vimeondoka na watu ambao leo namba yao haipatikani.

Najua watakuja wa kusema tunawakatisha watoto tamaa, au "mbona wamesajiliwa BRELA". BRELA ni wakala wa serikali wa kusajili biashara; jina kuwepo huko maana yake ni kwamba jina limesajiliwa, haikuhakikishii kazi. Lakini anzeni hapo, maana hawa hata huko sikuwaona nilipotafuta kwenye mtandao wao. Ulizeni kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kisha nendeni kwa Afisa Utamaduni wa Jiji mumuulize kama anawatambua. Waliowaonyesha nembo za kampuni kubwa, pigieni hizo kampuni zenyewe, namba mzitafute wenyewe, siyo ile mliyopewa ukumbini. Mzazi mmoja alipiga, akajibiwa hawajawahi kufanya kazi na watu hao.

Mimi sipingi mtoto kutokea kwenye tangazo. Mtoto anayependa kamera yupo, na hela halali ipo. Ninachokataa ni wazazi wa nyanda za juu kuingizwa mjini na vishoka wanaoamini huku tuko mbali na Dar kwa hiyo hatuna wa kumuuliza.

Mliolipa, msifute ujumbe wa muamala kwenye simu, unaonyesha jina la aliyesajili namba. Nendeni nao polisi. Kama mtoto aliingizwa kile chumba, pitieni Dawati la Jinsia na Watoto, au pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Suala la picha na taarifa za mtoto lipelekeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake imeanza kutumika Mei 2023 na wanapokea malalamiko.

Watu wa Iringa, nimetumiwa tangazo lenye maneno yale yale, fomu bei ile ile, na safari hii ukumbi uko kwenu, Jumamosi ijayo. Walioko Kihesa, Mlandege na Ipogolo lisambazeni hili kwenye magrupu ya shule leo. Na aliyelipa Mbeya aandike hapa chini kiasi, tarehe na jina lililotokea kwenye muamala huku namba ameificha. Jina la mtoto na picha yake msiweke.